Kabla ya Moja

Tii. Kimya. Tii.

Tone la maji lilikuwa likidondoka ndani ya ndoo jikoni, na nje giza lilikuwa bado limeganda madirishani. Bomba lile la bibi lilikuwa na maradhi ya miaka: ulikaze utakavyo, halikosi la kudondosha. Kila jioni bibi alilifunga kitambaa mdomoni, akakiacha kining'inie hadi ndani ya ndoo, maji yakateremka nacho bila sauti ili mjukuu wake apate usingizi. Asubuhi hiyo kitambaa kilikuwa kimechomoka.

Sisimizi alikuwa macho zamani, na hata bila tone lile angekuwa macho. Hasira ilikuwa imemkwama kooni kama mwiba, haipandi wala haishuki.

Sisimizi lilikuwa jina la nyumbani. Tangu utotoni hakuwa mkubwa wa umbo wala wa sauti, lakini akishika jambo halimtoki, kama mdudu huyo na punje yake ya sukari. Sasa alikuwa msichana wa chuo, mwaka wa kwanza, anasoma fizikia, na alikaa kwa bibi kwa sababu nyumba ilikuwa karibu na chuo na mama yake alikuwa na kazi mji mwingine. Tangu jana alikuwa na jina la pili, ambalo hakuliomba. Sayari.

Jina hilo alipewa na mhadhiri wa majaribio. Wanafunzi walimwita Nukta, akiwa hayupo, maana kwake jibu lisilokuwa na nukta na tarakimu baada yake halikuwa jibu. Jaribio lenyewe lilikuwa la kwanza la mwaka na rahisi kuliko yote. Unafunga kitufe cha chuma, kidude kizito cha mviringo, kwenye uzi wa mita moja, unakining'iniza, unakivuta pembeni kidogo, unakiachia. Mmoja anahesabu kinavyokwenda na kurudi mara ishirini, mwenzake anabonyeza saa. Ukishapata muda huo na urefu wa uzi, unakokotoa jinsi dunia inavyovuta vitu kuelekea chini. Jibu linajulikana na kila aliyepita shule: tisa nukta nane.

Sisimizi alipata kumi nukta nane. Akaandika kumi nukta nane, akapeleka.

Jana asubuhi Nukta alisimama mbele ya darasa na ripoti hiyo mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyemwokota panya kwa mkia. Alisema darasa zima limepata tisa nukta nane, mmoja kazidi kidogo, mwingine kapungua kidogo, na hayo ni ya kibinadamu. Ila kuna mwenzetu mmoja.

"Mwenzetu huyu haishi duniani," alisema. "Yuko sayari nyingine. Huko kwao kikombe kinafika sakafuni kabla hujakisukuma mezani."

Darasa likaangua kicheko. Kicheko cha darasa angekimeza, maana wanafunzi hucheka hata mtu akipiga chafya. Alichoshindwa kukimeza ni kicheko cha Kiredio, kijana aliyekaa ubavuni pake, mwenzake wa meza moja maabara, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Kiredio ndiye aliyehesabu. Yeye Sisimizi alibonyeza saa. Vipimo vyao vilikuwa karatasi moja, mwandiko mmoja. Kila mtu alikwenda kuandika ripoti yake, na ya Kiredio ilitoka na tisa nukta nane, ikasifiwa kwa usafi.

Kisha Nukta akampa Sisimizi hadi Ijumaa alete ripoti iliyosahihishwa. Asipoleta, sifuri. Na sheria ya chuo ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi: mwenye sifuri hata kwenye jaribio moja anarudia mwaka mzima.

Tii, likasema bomba.

Mlango wa chumba cha bibi ulilia, kandambili zikaburuzwa sakafuni. Bibi alikiona kitambaa ndani ya ndoo, akasonya kidogo, akakifunga tena, ndipo alipomwona mjukuu wake ameketi gizani mezani, mikono imekunjwa.

"Mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu azaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu, "umeamka au hujalala?"

Sisimizi akajibu kwamba amelala. Bibi aliwasha taa, akaweka maji ya chai motoni, akaenda kwenye beseni na kurudi na sufuria lililoungua tangu wiki iliyopita, jeusi ndani kama usiku wa bila mwezi. Akaliweka mezani pamoja na steliwaya na mchanga kidogo.

"Hasira usiikalie bure, itakuumiza makalio," alisema. "Mimi mkono wangu hauwezi tena sufuria hili. Wako unaweza."

Sisimizi alisugua. Alisugua mpaka kiwiko kikauma, na kila alipokuwa akisugua alikuwa akisema, kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Alimweleza bibi habari za uzi na kitufe, za ripoti iliyoshikwa kama panya, za Kiredio. Alisema yeye hakuandika uongo. Aliandika alichokiona, na fizikia aliyoipenda tangu sekondari aliipenda kwa sababu hiyo moja: kwamba haimtazami mtu usoni, ukipima unapata, awe mtoto wa nani, awe amevaa nini. Sasa inaonekana chuoni wanataka upate kwanza, ndipo upime.

Bibi alisikiliza huku akikata mkate. Alikuwa na elimu ya kusoma na kuandika tu, na hakujifanya kuelewa asichokielewa. Alipomaliza kukata alisema sufuria limeng'aa, amshukuru huyo mhadhiri.

Sisimizi hakutaka kucheka, lakini pua ilimsaliti.

Chuoni alimkuta Kiredio chini ya ngazi za maabara, anawasimulia wenzake kisa fulani. Walipomwona anakuja, na anavyokuja, wale wengine wakakumbuka wana shughuli.

"Umepika," Sisimizi alimwambia.

"Sikupika, dada. Nimepasha moto tu."

"Vipimo vyetu vilikuwa vimoja. Umevitoa wapi vingine?"

Kiredio alitazama kulia na kushoto, kisha kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akashusha sauti. Alimwambia asijifanye mgeni. Kila mtu amepika. Siku ile ya jaribio yeye alizunguka meza zote, kama kawaida yake, akachungulia. Hapakuwa na meza hata moja iliyopata tisa nukta nane. Wote walikuwa na kumi na kitu. Dada yake alisoma hapahapa miaka minne iliyopita, naye alipata kumi na kitu, na ndiye aliyempa siri ambayo hurithishwa kutoka darasa hadi darasa: kwenye jaribio la uzi unaanza na jibu, unarudi kinyumenyume mpaka kwenye vipimo.

"Jaribio lenyewe halifanyi kazi," alimaliza. "Limechoka. Vifaa vya chuo hivyo. Mzee anataka tisa nukta nane, mpe tisa nukta nane, mwachane salama. Wewe tu ndiye uliyeamua kugombana na dunia."

"Na ukacheka."

Hapo redio ilizimika. Kiredio alikuna shingo, akasema watu wote walikuwa wanacheka. Alisema hivyo kama mtu anayetoa samahani kwa kipimo kilekile alichotolea ripoti, na Sisimizi akaondoka kabla hajamwambia neno ambalo bibi angelisikia huko nyumbani.

Mchana kutwa hasira ilimtembeza. Ilikuwa imeongezeka ukubwa, haikuwa tena ya Nukta na Kiredio pekee. Kulikuwa na darasa zima la watu wazima waliokaa wakamwacha achekwe peke yake kwa jibu ambalo wote walikuwa nalo mifukoni. Na kulikuwa na hao wa mwaka jana, na wa mwaka juzi. Lakini Sisimizi akishika punje haiachi, na ndani ya hasira hiyo punje moja ilikuwa ikimkwaruza. Kama ni uzembe, mmoja angezidisha, mwingine angepunguza. Watu wakirusha mawe ovyo hayaangukii shimo moja. Hawa wote walizidisha, na wote kiasi kilekile. Basi kuna mkono unaowasukuma wote upande mmoja.

Saa ya chakula alikwenda maabara. Fundi wa maabara, mama mmoja mnene na mpole, aliyeitwa Mama Funguo kwa ule mzigo wa funguo kiunoni, alikuwa anafunga mlango aende kula. Sisimizi alimwomba amruhusu aguse vifaa kidogo tu. Mama Funguo alimtazama usoni, na bila shaka naye alikuwepo jana mlangoni, akasikia. Alifungua tena, akavuta stuli hadi kizingitini, akala chakula chake hapohapo, mgongo ameupa chumba, ili msichana asijione anachungwa.

Sisimizi alilinganisha rula ya mita na rula nyingine tatu. Zilikuwa ndugu wa baba mmoja. Alilinganisha saa ya kubonyeza na saa kubwa ya ukutani, kisha na simu yake. Hazikupishana. Alipima uzi kuanzia juu unakofungwa hadi katikati ya kitufe, kama walivyofundishwa. Kila kitu kilikuwa sawa, na kila kitu kuwa sawa kulimkasirisha zaidi kuliko kama angekuta rula imekatwa. Alipotoka, Mama Funguo alikuwa amemwachia nusu ya chai yake kwenye kifuniko cha chupa, imefunikwa na karatasi isiingie vumbi.

Jioni nyumbani alimwomba bibi uzi. Bibi akatoa wa kushonea magunia, mgumu. Alihitaji na kitu kizito kidogo, cha mviringo kama kikipatikana. Walitafuta, wakapata kufuli la mlango wa mbele.

"Na mlango nifunge na nini?" aliuliza bibi. "Na fizikia?"

Lakini alilitoa, akashika na kiti wakati mjukuu wake anapanda kufunga uzi, mita moja kamili, kwenye msumari wa juu ya mlango wa jikoni. Sisimizi alivuta kufuli pembeni, simu mkono wa pili, akaliachia.

"Moja!" alisema, kwa sauti nzito, kidole juu.

Bibi alishangaa sauti imetoka wapi. Ilikuwa sauti ya Nukta. Siku ya kwanza ya mwaka yeye mwenyewe aliwaonyesha jaribio mbele ya darasa: alivuta kitufe, akainua kidole kama mtu anayeanzisha mbio, akakiachia na kunguruma "Moja!", akahesabu mbili, tatu, nne, akasema na mnaendelea hivyo mpaka ishirini, akatoka kwenda mkutanoni. Tangu hapo darasa zima lilikuwa likinguruma. Kiredio alikuwa bingwa wao; alinguruma mpaka madirisha yakatikisika.

Kufuli lilikwenda likarudi, likaenda likarudi. Sisimizi alikokotoa juu ya bahasha ya zamani. Kumi nukta nane.

Alirudia. Kumi nukta nane. Akakaa chini sakafuni akalitazama kufuli likipunguza mwendo kidogo kidogo, akaliona kama nalo linamcheka. Alimwambia bibi kwamba huenda Nukta ana haki, huenda kweli yeye si wa dunia hii, na kwamba kesho ataandika wanachokitaka, kisha atatafuta kitu kingine cha kusoma, kitu ambacho watu wakidanganya hukiri kuwa wanadanganya.

Bibi alifungua kufuli, akalirudisha mlangoni. "Sawa," alisema. "Ukiandika uongo wao utapata mwaka wako. Mimi sitakupenda pungufu. Ila sufuria jingine sina, mke mwenzangu. Hasira ya baadaye utaisugulia wapi?"

Sisimizi aliamka tena kabla ya mapambazuko. Nyumba ilikuwa kimya. Kitambaa kilikuwa mahali pake. Alikwenda jikoni, akakifungua ili ajaze kikombe, akafunga bomba, na lenyewe bila aibu likaanza. Tii. Juu ya kabati saa ya bibi ilikuwa ikitembea. Mwenye hasira huhesabu chochote, mradi asifikiri, akaanza kuhesabu matone.

Tii. "Moja," alinong'ona kwa mazoea.

Akaitazama saa, na mkono wake wenye kikombe ukasimama nusu ya njia. Tone la kwanza limekwisha kuanguka. Yeye ameshasema moja. Na muda uliopita ni upi? Hakuna. Muda ndio kwanza unaanza.

Tii. Mbili, amesema mbili, na kati ya matone kumekuwa na pengo moja tu.

Aliyasikiliza, na kila tone lilikuwa likimwambia jambo lilelile, kama lilivyokuwa likiwaambia wote nyumbani humo kila siku. Akainua mkono wake wa kushoto, akavitanua vidole mbele ya taa.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na khanga mabegani. Aliuliza tangu lini maji ya bomba yanahesabiwa.

"Bibi, hivi ni vidole vingapi?"

"Vitano, kama hujala kimoja."

"Na mianya katikati?"

Bibi alihesabu kwa kuigusa. "Minne."

"Minne," alisema Sisimizi. "Tunahesabu vidole, bibi. Tunatakiwa kuhesabu mianya. Nukta anaposema moja, kitufe bado hakijaenda popote. Akifika ishirini kimekwenda mara kumi na tisa tu. Muda unatoka mfupi kuliko kweli, na dunia inaonekana inavuta zaidi."

Bibi alimfunika ile khanga.

"Sijaelewa," alisema, "lakini nimefurahi. Nikukaangie yai?"

Kufuli likatolewa tena. Safari hii Sisimizi aliliachia akasema sifuri, na moja akaisema liliporudi. Jibu alilijua kabla ya kukokotoa, na bado alikokotoa, mpaka mwisho, na nukta yake. Tisa nukta nane.

Bibi alitegemea kicheko, au japo shangwe kidogo. Hakupata hata kimoja. Msichana aliikunja bahasha mara mbili kwa nguvu kama anayeikaba. Maana sasa alijua mkono uliowasukuma wote ni wa nani, na mwenye mkono huo ndiye aliyemshika kama panya mbele za watu.

Ijumaa alibisha mlango wa ofisi ya Nukta, akaambiwa aingie, akaingia. Hakumwamkia. Shikamoo ilikuwepo kinywani, ulimi ulikuwa umezoea, lakini aliibana meno mpaka ikarudi ilikotoka. Nukta aliinua uso. Mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa gundi upande mmoja, amezungukwa na rundo la ripoti. Aliliona pengo la salamu, hakulisemea. Alinyosha mkono apewe ripoti iliyosahihishwa.

Sisimizi alisema hana. Alisema amekuja kuomba aonyeshwe jaribio upya, na Dokta mwenyewe, kwa sababu huenda yeye hakuelewa.

Nukta alishusha pumzi ndefu, ya mtu anayevumilia. Juu ya rafu kulikuwa na kitufe na uzi wake kwenye kibao. Alikishusha, akapima, mita moja kamili, akamkabidhi saa ya kubonyeza. Akavuta kitufe, akainua kidole.

"Moja!"

Sisimizi alibonyeza. Walikwenda mpaka ishirini, akabonyeza tena, akamwekea saa mezani. Nukta akakokotoa haraka, kalamu ikiruka, kisha kalamu ikaacha kuruka. Alifuta, akaandika tena. Alisema saa hiyo mbovu. Akatoa yake mwenyewe, ya mkononi, wakarudia. Jibu likatoka lilelile.

"Kumi nukta nane," Sisimizi alisoma, kutoka upande wa pili wa meza, tarakimu zikiwa kichwa chini. "Karibu kwetu."

Nukta alimkata jicho. Alikuwa anakwenda kusema jambo la ukali, ilionekana jinsi mabega yalivyopanda.

"Dokta," Sisimizi alimwahi, "uliposema moja, kitufe kilikuwa kimekwenda wapi?"

Mabega yalibaki juu. Kisha yakashuka polepole. Mwanafizikia ni mwanafizikia, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikivuta kitufe kwa mara ya tatu, kidole hakukiinua, akakiachia na kusema sifuri kwa sauti ndogo, sauti yake halisi ambayo darasa halikuwahi kuisikia. Ilipotoka tisa nukta nane hakuiandika. Aliketi.

"Ni moja katika ishirini tu," alisema, labda akijitetea, labda akisema na ukuta.

"Muda unazidishwa kwa wenyewe, inakuwa moja katika kumi. Ndiyo tofauti yote. Tisa nukta nane na kumi nukta nane."

"Najua hesabu, binti."

"Najua unajua."

Nukta aliyavuta marundo ya ripoti, akafungua moja, akafungua nyingine, akawa anafungua kama mtu anayetafuta hati ya nyumba yake. Tisa nukta nane, tisa nukta nane. Uso wake ulibadilika rangi, na Sisimizi akaona hasira ikimwingia naye, hasira anayoijua vizuri kwa sasa.

"Wamenidanganya," alisema. "Darasa zima. Na wa nyuma yao wote. Nitawapa sifuri, mmoja mmoja."

Hapo ndipo mwiba ulipotoka kooni kwa Sisimizi.

"Kwa kosa la nani?" alisema. "Uliwafundisha kuhesabu vibaya ukawaambia walete jibu sahihi. Wangefanya nini? Mimi nilikuletea ulichofundisha. Kilekile. Hukuniuliza hata swali moja, Dokta. Ungeniuliza tu nimefanyaje, ningekuonyesha, nawe ungeona. Ukaona ni bora watu wacheke. Sasa hata salamu wananisalimia kwa jina lile."

"Jina gani?"

Sisimizi alimtazama aone kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa amesahau. Lilimtoka mdomoni kama mate, likakauka kwake, na yeye Sisimizi alikuwa amelibeba siku zote hizo hadi kitandani.

"Uliza darasani," alimjibu. "Wote wanalijua."

Aliweka ripoti yake ya kwanza mezani, ileile, yenye kumi nukta nane, akasema hiyo ndiyo ripoti yake na hataisahihisha, ila chini ameongeza sentensi mbili kueleza kwa nini. Kisha akatoka. Kwenye ngazi akakaa. Mama Funguo, aliyekuwa anapita na trei ya chupa, aliiweka trei chini akakaa ngazi moja naye, wakatazama ukuta wa mbele pamoja.

Jumatatu Nukta aliingia maabara bila makaratasi. Alisimama mahali palepale, akasema jaribio la kwanza lilifundishwa vibaya, na aliyelifundisha vibaya ni yeye. Akaeleza sifuri na moja, mara moja, vizuri, mtoto angeelewa. Akasema msichana mmoja alileta vipimo vya kweli akachekwa, na aliyeanzisha kicheko ni yeye pia, na jina alilompa amelirudisha. Anayelitumia tena atalitumia nje ya darasa lake. Halafu akasema hakuna atakayepewa sifuri, ila wote, isipokuwa msichana huyo, watarudia jaribio leo, na kila mtu ataandika anachokiona hata kama ni ishirini.

Maguno yalipita chumbani kama magunia yanayoburuzwa. Macho yote yalimgeukia Sisimizi, na hayakuwa ya shukrani. Mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kusikika kwamba watu wengine wangesoma uchungaji. Sisimizi aligeuka akamtazama mpaka mwenyewe akainamia uzi wake. Hakuwa amesamehe mtu. Alitarajia kwamba siku hiyo ikifika moyo utakuwa mwepesi, kumbe ulikuwa mzito vilevile, ila umenyooka.

Kiredio alikuwa anahangaika na kitufe peke yake. Huwezi kuhesabu na kubonyeza vizuri ukiwa na mdomo wa aina yake. Alimtazama Sisimizi, akatazama chini.

"Najua hutakiwi kurudia," alisema. "Nilicheka, na sikutakiwa kucheka. Nilikuwa na kumi nukta nane yako mfukoni. Basi."

Ilikuwa samahani fupi kuliko zote alizowahi kusikia kutoka kwa redio ile, na safari hii kipimo kilikuwa cha kweli. Sisimizi alichukua saa ya kubonyeza kutoka mkononi mwake, akasimama upande wake wa meza.

"Hesabu," alisema. "Na usingurume."

"Sifuri," akasema Kiredio, kwa adabu.

Kipindi kilipokwisha wengine walitoka wakikokotoa njiani, wakibishana, tisa nukta sita, tisa nukta tisa, mmoja akiapa kwamba yake ni kumi na moja na haibadilishi. Sisimizi alikuwa wa mwisho kufunga begi. Nukta alikuwa amesimama mbele ya kabati kubwa la vifaa, milango wazi, anatazama ndani: springi, mizani, vioo, nyaya zilizofungwa vizuri na Mama Funguo. Alimsikia akipita nyuma yake, akasema bila kugeuka.

"Haya yote nayafundisha mimi. Springi hii pia nasema moja. Mengine sijui nasema nini."

Sisimizi alisimama, mkono kwenye mkanda wa begi.

"Wanaokuja ofisini kwangu," alisema Nukta, "huja na ninachokitaka. Mwaka hadi mwaka. Ni wewe peke yako uliyekuja na kingine." Aligeuka sasa, akavua miwani yake ya gundi, akawa hajui aishike wapi. "Ile shikamoo, kama bado haijatoka, usiilete. Sina haki ya kuidai. Lakini uje tena."